Wiki Tatu Chini ya Meza

Kituo cha kuhifadhi mbwa kilikuwa kimefurika. Mhudumu alinieleza bila kuzunguka kwamba vizimba vimekwisha, na yule mtoto wa mbwa wa miezi mitatu aliyejikunja pembeni alihitaji mtu siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekwenda kutazama tu. Nikarudi naye.

Hata kwa haraka ile, niliuliza mambo matatu kabla ya kutia saini: amechanjwa nini na lini, amepewa dawa ya minyoo, na anakula nini. Majibu yalinisaidia sana. Chanjo za mwanzo hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mtoto wa mbwa apite wiki 16, kwa sababu kinga aliyopata kwa mama yake inaweza kuizuia chanjo isifanye kazi. Alibakiza mbili. Kwa hiyo kwa daktari wa mifugo nilimbeba mikononi, na sikumshusha mahali wanapopita mbwa wengine: virusi vya parvo, vinavyomharisha mbwa vibaya, hutoka na kinyesi na huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi. Chakula sikukibadilisha. Niliendelea na kile cha kituoni, kisha nikachanganya kipya kidogokidogo kwa wiki nzima, na tumbo lake halikuharibika.

Kilichonishinda mwanzoni ni woga wake. Tulipofika nyumbani aliingia chini ya meza akakataa kutoka. Siku ya pili nilifanya kosa ambalo bado linaniuma: nilitambaa mpaka alipo, nikamvuta nimpakate. Alitetemeka, akajikojolea mikononi mwangu. Kwangu yalikuwa mapenzi, kwake ilikuwa kukamatwa tena.

Nikaacha kumwita. Kila jioni nilikaa sakafuni, mgongo ukiwa upande wake, nikisoma kwa sauti ya chini. Sikumtazama machoni. Mara mojamoja nilirusha punje ya chakula nyuma yangu bila kugeuka. Mwanzo niliikuta palepale asubuhi. Baadaye nikaanza kusikia akitafuna. Usiku wa sita pua yenye unyevu iligusa kisigino changu, nikabana pumzi nisije nikamshtua. Nilimpa jina usiku ule: Doa, kwa baka jeupe la kifuani.

Haja ilikuwa kazi ya kufuata saa tu. Nilimtoa uani kila baada ya saa mbili, na tena alipoamka, alipomaliza kula na alipomaliza kucheza. Usiku niliamka mara mbili. Akikojoa ndani nilifuta nikanyamaza, maana mbwa aliyekwisha kuogopa watu ukimkemea anajifunza kujificha anapokojoa, basi. Ila dawa za kusafishia zenye amonia niliziacha, harufu yake hufanana na ya mkojo na humrudisha mahali palepale.

Viatu vyangu viwili alivitafuna alipoanza kung'oa meno ya utotoni. Nilimpa kitambaa kilichosokotwa, kikaloweshwa na kugandishwa kwenye friji, akakipenda kuliko viatu.

Katika wiki ya tatu nilifungua mlango nikitoka kazini, nikamkuta amesimama katikati ya chumba, mkia ukitikisika polepole kama anauliza. Nilichuchumaa pale mlangoni. Akaja mwenyewe.

Sasa ana miezi saba, na chanjo zake zimekamilika, pamoja na ya kichaa cha mbwa. Bado analala chini ya meza ileile, lakini kichwa hukitoa nje, akakilaza juu ya mguu wangu.