Si ulisema una mdudu?

Wiki imekuwa njema, nisikufuru: andiko langu la kumpa jina mdudu mpya limerudi na masahihisho madogo tu, binamu kaposwa, umeme haujakatika. Lakini nikiweka kichwa kwenye mto namsikia Bibi simuni:

"Ule mtugutu wa nyuma ya jiko nimeshaukata, mjukuu wangu."

"Umeukata? Kwa nini, Bibi?"

"Si ulisema una mdudu?"

Nilisema, ndiyo. Tena kwa furaha, nimemshikia jani nikimwonyesha ule unga mweupe kwenye mshipa wa kati na sisimizi wanavyoulinda. Kidung'ata wangu, kadudu ka unga mweupe kanakofyonza utomvu! Miezi minane nimewachemsha mmoja mmoja kwenye potashi, nikawatia rangi, nikawalaza kwenye vioo na kuhesabu vitundu vyao vya kutolea nta kwa hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Jike mmoja, hana hata mbawa, ndiye holotaipu, yaani ndiye abebaye jina la wenzake wote. Kibandiko chake kinasema Tukuyu, juu ya mtugutu. Na mtugutu wenyewe sasa ni kuni.

Nilianza kumweleza habari za kidung'ata wa muhogo: alivyoingia Afrika miaka ya 1970, akapewa jina 1977, na bado wataalamu wakamchanganya na ndugu yake, wakahangaika upande mwingine wa Amerika Kusini kumsaka adui wake, mpaka kidung'ata mwenyewe alipoonekana Paraguay mwaka 1981. Jina likikosewa, na dawa inakosewa. Bibi akasikiliza kwa adabu, kisha: "Haya. Lakini mimi majani yangu nayanywa."

Nilinuna siku mbili. Alhamisi, kwenye daladala ya Uyole, nikajikuta nacheka peke yangu, kondakta akanikodolea macho. Maana kabla ya kukata simu alikuwa ameniambia kapanda vipande vitano vipya, na kila kimoja kakifuta kwa kitenge. Kwa kitenge!

Leo kapiga mwenyewe. Kisiki kimechipua, anasema, na sisimizi wamesharudi, nisimlaumu. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, Bibi, usiwaguse.

Ila kuna neno alilipitisha harakaharaka, kwamba siku hizi anakunywa vikombe viwili kila usiku. Zamani kilikuwa kimoja, tena tumbo likimuuma tu. Nikamuuliza, akaanza kunisimulia mahari ya binamu.