Siku Moja Maishani Mwangu: Jumamosi ya Masika Bwawani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi

Watu wakisikia mimi ni mwokoaji majini wanadhani siku yangu huanza ndani ya boti. Huanza juu ya tuta, nimevaa gambuti na sweta mbili, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Likoni na baridi ya Kiambu haijanizoea.

Bwawa letu ni dogo. Lilijengwa na walowezi kumwagilia mibuni. Siku hizi kahawa imebaki kidogo, na maji yamekuwa ya watu wa Nairobi wanaokuja kupanda boti, kuvua samaki kwa ndoano, kutazama ndege na kuchoma nyama. Tuta ni la udongo ulioshindiliwa, halina zege hata kidogo ila kwenye utoro, ile njia ya pembeni inayotoa maji bwawa likijaa. Ukishajua kwamba kinachoyazuia maji yote yale ni udongo tu, unaanza kuutazama kwa heshima.

Mlinzi wa usiku ni mzee wa hapahapa. Namwamkia, "Shikamoo mzee," naye huitika "Marahaba, mtu wa pwani" kama mtu anayejaribu kofia ya jirani. Kisha tunagawana kazi. Yeye hupita juu ya tuta kutafuta nyufa na mahali palipotitia. Mimi hupita chini, upande wa nje, kutafuta unyevu.

Adui yetu mkubwa hapa ni fuko. Mkulima yeyote wa Kiambu anamjua kwa viazi vilivyoliwa kutoka chini, lakini kwenye tuta anafanya baya zaidi: anachimba njia, na maji yakipanda yanaikuta njia tayari imechimbwa. Leo mzee ameona kichuguu kibichi cha udongo karibu na ukingo. Tumekiwekea kijiti chenye kitambaa chekundu ili fundi akija afukue shimo lote, alijaze udongo na kuushindilia. Kuziba mdomo wa shimo peke yake ni kujidanganya.

Wageni huuliza kwa nini hatupandi miti juu ya tuta, angalau mtu apate kivuli. Mti ukifa, mizizi yake huoza na kuacha mabomba ndani ya udongo. Kwa hiyo ni nyasi tu, tena zilizofyekwa, ili kila kinachochimba kionekane.

Mwisho wa mzunguko natega ndoo ya lita 10 kwenye kimfereji kilicho chini ya tuta na kutazama saa ya simu. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, hilo si jambo la kutisha. Cha kutisha ni ndoo kujaa haraka kuliko jana wakati mvua haijanyesha, au maji kutoka na udongo, maana hapo tuta linasombwa kutoka ndani. Leo maji ni meupe. Naandika kwenye daftari.

Ukiona nimelishikilia sana jambo hili, kumbuka Solai. Usiku wa Mei 9, 2018, katikati ya masika, bwawa la shamba la Patel kule Nakuru lilipasuka na maji yakawashukia watu wakiwa majumbani mwao. Walikufa zaidi ya 40. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekwenda kuogelea. Ndiyo maana nasema kazi ya kuokoa watu hapa inaanzia kwenye udongo, na wanaohitaji zaidi kulindwa ni majirani wanaolala bondeni, ambao hawajawahi kukata tiketi yetu.

Saa mbili

Boti. Nakagua vizibo vya chini, pedali, na kafi (huku bara wanasema kasia, mimi bado nasema kafi). Jaketi za kuokolea nazikagua moja moja: mkanda, kifungo, na ule mkanda wa watoto unaopita katikati ya miguu. Jaketi iliyochanika siirudishi kwenye rundo, naikata kabisa kwa kisu. Ukiiacha, Jumapili kuna mtu ataivaa.

Saa tano kasoro

Vijana wa kanisa wamefika kwa basi, wachangamfu, wamebeba spika kubwa. Nikawapanga kwenye nyasi na kuanza na jaketi. Mvalishe mwenzako, funga mikanda, kisha shika jaketi mabegani uivute juu. Ikimpita masikioni, ni kubwa mno: akiingia majini jaketi itaelea na yeye atabaki chini yake. Wakacheka sana, lakini jaketi kadhaa zikabadilishwa.

Kijana mmoja mrefu, mwenye kifua cha mchezaji, akaniambia, "Dadangu, mimi naogelea vizuri. Haya maji yametulia kabisa. Niruhusu kidogo tu."

Hili ombi nalipata kila wikendi, na huwa silijibu kwa "hapana" kavu, kwa sababu anayenyimwa bila sababu huvizia nikigeuza mgongo. Nikamwonyesha mambo yalivyo. Bwawa ni bonde lililofurika. Unatembea maji yako magotini, hatua inayofuata umefika ulipokuwa mto wa zamani, na hakuna ardhi. Chini ni tope laini linaloshika mguu, na visiki vya miti iliyokatwa kabla maji hayajajazwa. Juu maji ni vuguvugu kwa jua, ukizama kidogo ni baridi inayokata pumzi. Halafu huoni kitu. Kwenye bwawa la hoteli aliyezama unamwona amelala sakafuni. Hapa mimi mwenyewe nikipiga mbizi siuoni mkono wangu. Na pale penye maboya mekundu ndipo mdomo wa bomba linalotoa maji kwenda shambani. Bomba likifunguliwa linavuta, na halichagui anayejua kuogelea.

"Wewe umejifunzia wapi?" nikamuuliza.

"Shuleni. Kwenye swimming."

"Mimi nimejifunzia Likoni, na hapa siogelei ila kwa kazi."

Mama mmoja aliyekuja na vijana hao akadakia, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Yule kijana akavaa jaketi. Sijui kama ni mimi niliyemshinda au ni methali, lakini alivaa.

Kwenye boti sheria zangu ni chache na hazina mjadala: hakuna kusimama, hakuna kubadilishana viti katikati ya maji, hakuna pombe kabla. Hiyo ya kusimama ndiyo ngumu, kwa sababu ya picha. Siku hizi filimbi yangu nusu ya kazi yake ni simu za watu.

Saa saba

Githeri na chai. Nakula nimeyaelekea maji.

Saa nane

Saa hii watu wameshiba, wazazi wanasinzia, na watoto wanasogea ukingoni. Saa hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na ukimya wake hauniridhishi. Anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Kinywa kinashuka na kupanda, hana pumzi ya kuita. Anasimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mikono inakandamiza maji. Aliye mita tano kutoka kwake anaweza kudhani anacheza.

Kwa hiyo badala ya kuwaacha vijana walale, nikawapa mchezo. Tuna jerikeni tupu za lita 5, kila moja imetiwa maji kidogo ili iwe na uzito wa kurushika, imefungwa vizuri kizibo, kisha ikaunganishwa na kamba ndefu. Nikaweka boya majini: mrushie mwenzako huyo. Wa kwanza akairusha jerikeni pamoja na kamba yote, ikaenda zake. Wa pili akampiga boya kichwani. Mrefu wetu akarusha fupi mara mbili, kisha akajua siri: irushe ipite juu ya bega lake, halafu ivute taratibu imfikie. Wakashindana mpaka wazee wa meza za nyama nao wakaja foleni.

Nilichotaka wakishike ni huo utaratibu: nyosha fimbo au tawi, ikishindikana rusha, ikishindikana nenda kwa boti. Kuruka majini mikono mitupu ndiko kunakotupa maiti mbili badala ya moja. Na akitolewa hapumui, msimwinamishe kichwa chini wala kumkamua tumbo, mnapoteza muda na kumtapisha. Pumzi 5 za mdomo kwanza, kisha kubana kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kuchoka, huku mwingine akiita gari.

Saa tisa na nusu

Ngurumo kutoka upande wa Limuru. Mnandi waliokuwa wamekausha mabawa kwenye kisiki wakaondoka. Nikapiga filimbi tatu, boti zote zirudi. Baba mmoja akalalamika kwamba amelipia nusu saa na ametumia robo. Nikamwambia tiketi yake itatumika siku nyingine. Juu ya maji wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na radi hutafuta hicho. Si chini ya mti pia. Ndani ya magari.

Ikanyesha ile mvua ya Aprili isiyouliza.

Saa kumi na moja na nusu

Ilipopungua, mzee na mimi tukaenda kwenye utoro, na hapo ndipo nilipokasirika. Mtu amefunga wavu wa waya kukatiza utoro, ili tilapia wasitoroke na maji. Namwelewa, samaki ni pesa. Lakini wavu umekamata majani, matawi na chupa za wageni wetu, na utoro umegeuka ukuta. Maji yakikosa utoro yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo likipitiwa juu halichukui muda mrefu. Tukakata waya kwa koleo, mzee akivuta takataka kwa reki huku akinisomea majina ya watu anaowashuku, na maji yakaondoka kwa kishindo. Kipimo cha kando ya tuta kilikuwa kimepanda kuliko wiki nzima. Wavu nimeuleta ofisini kama ushahidi.

Saa moja usiku

Meneja kwenye simu. Kesho hakuna boti mpaka kipimo kishuke na lile shimo la fuko lifukuliwe, nikamwambia. Akasema kuna maharusi wamelipia picha za majini. Nikasema watapigiwa picha kwenye nyasi. Tukavutana. Mwishowe akanitumia namba ya bwana harusi, nimweleze mwenyewe.

Nikampigia. Alikuwa na swali moja tu: nyama itakuwepo?

Itakuwepo.