Kisiwa cha futi 57

Leo barafu imeamka kabla yangu. Ilikuwa nyembamba kama gamba la yai. Niligeuka tu kitandani, boti ikayumba kidogo, nikaisikia ikipasuka ubavuni, mlio kama wa mtu anayekunja karatasi ngumu. Nikavaa makoti mawili juu ya kanga na kabla sijatia maji kwenye birika nikatazama namba. Hayo ndiyo mazoea yangu siku hizi. Juu ya sinki kuna kisanduku kidogo, kinaonesha volti za betri. Leo kilisema 12.2, maana yake nusu tangi ya umeme, na jua la Januari halijachomoza.

Nyumbani wakinipigia simu huniuliza kama siogopi kuzama. Naishi ndani ya boti kwenye mfereji wa Uingereza, maji yake mengi hayanipiti kifua, na boti yangu ina urefu wa futi 57 na upana usiofika futi 7, kwa sababu malango ya maji (vyumba vya kupandishia na kushushia boti) waliyojenga wazee wa Kiingereza zaidi ya miaka 200 iliyopita yana upana wa futi 7, na kisichopita hapo hakina safari kwenye mifereji hii ya Uingereza ya kati. Kwa hiyo kuzama siogopi. Naogopa kukosa umeme. Sina waya unaotoka nchi kavu, wala sina kituo changu cha kudumu. Kwa kanuni za kibali changu siruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Taa, friji, pampu ya maji, simu ninayoandikia haya, baridi hii karibu vyote vinatoka kwenye mashine ya dizeli iliyo chini ya miguu yangu kule tezi, nyuma ya boti.

Ajabu ni kwamba maisha haya si mageni kwangu. Mie ni mtu wa Wete. Kabla waya wa baharini kutoka Tanga haujafika mwaka 2010, umeme wote wa Pemba ulikuwa wa majenereta ya dizeli ya Wesha. Jenereta likikohoa, kisiwa kizima kinakaa kizani. Tulijua umeme ni kitu kinachopikwa, na kwamba kuna mtu mahali fulani amesimama na spana anahangaika. Nilipokuja Uingereza nikakaa miaka mingi kwenye fleti ambazo ukibonyeza ukutani taa inawaka, nikasahau. Boti imenikumbusha. Hiki ni kisiwa cha futi 57, na huyo mwenye spana ni mie.

Mjomba wangu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, ya Lister, ile ya silinda moja yenye magurudumu mawili makubwa ya chuma, inayowashwa kwa kuzungusha hendeli. Wenzangu wa bara na Kenya watakuwa wanaujua mlio wake, maana vinu vingapi vya posho vimeendeshwa na mashine hizo. Tuk, tuk, tuk, taratibu, unasikika toka mashambani kwenye mikarafuu. Mie nilikuwa mshika tochi. Wajomba wengine huwapa watoto wa kike peremende, wangu alinipa tochi na kitambaa cha kufutia. Basi mwaka wangu wa kwanza hapa, nikitembea kando ya mfereji karibu na kijiji cha Braunston, ikapita boti kuukuu yenye mashine ya Lister. Si aina ileile ya kinu, lakini ukoo ni mmoja. Nilisimama kama mtu aliyeitwa jina. Nikaja kusoma baadaye kwamba kiwanda chao kilikuwa Dursley, Gloucestershire, si mbali sana na nilipokuwa nimesimama. Utoto wangu wote nilidhani Lister ni kitu cha Wete.

Mashine yangu mwenyewe haina fahari hiyo. Ni ya Kijapani, silinda tatu, Waingereza wameigeuza kuwa ya boti. Haisukumi maji machafu ya mfereji ndani yake. Maji yake ya kupozea huzunguka kwenye tangi bapa lililochomelewa kwa ndani ya ubavu wa boti, na mfereji ulio upande wa pili wa bati ndio unaochukua joto. Mtu aliyebuni hilo namheshimu sana.

Sasa niseme lililonikalia kooni majira yote haya ya baridi. Mashine na betri ni wake wenza. Kinachomfurahisha mmoja kinamuudhi mwenziwe, na mie nimekaa katikati.

Betri zangu ni za risasi na asidi. Ukizikuta nusu na kuwasha mashine, mwanzo zinakunywa kwa pupa, ampea 50 na zaidi. Baada ya saa moja na nusu zimefika ampea 15. Kisha 8. Kisha 5, na bado hazijajaa. Ile sehemu ya mwisho huingia tone kwa tone, haiharakishwi hata ukiipigia magoti. Ukichoka ukazima kabla hazijajaa, na ukafanya hivyo kila siku, chumvi ngumu inagandamana kwenye vibati vyake vya ndani, na betri ya mwaka mmoja inakuwa bibi kizee. Kwa hiyo betri zinasema: niachie mashine ikinguruma polepole, saa nne, saa tano.

Mashine inasema hapana. Dizeli inataka mzigo. Ukiiacha inanguruma bila kazi siku nenda siku rudi, haipati joto lake, kuta za silinda zinang'aa kama kioo, ringi zinateleza badala ya kukamata, oili inaanza kuungua, moshi unabadilika rangi. Inataka isafiri, itokwe jasho, halafu izimwe.

Suluhu ni kusafiri. Saa nne za mwendo, kasi haizidi maili 4 kwa saa kwa kanuni (mtu akitembea na mbwa wake anatupita), rafadha inazungusha maji mazito, mashine inapata mzigo na betri zinapata muda. Lakini Januari malango mengine yamefungwa kwa matengenezo, mvua inapiga, vidole havishiki kamba. Kuna paneli tatu za jua juu ya paa. Juni zinajaza betri kabla ya adhuhuri. Desemba ni mapambo. Na kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi adabu ya hapa ni kutowasha mashine ukiwa umefunga karibu na watu. Hesabu hiyo naifanya kila siku, na kila siku jawabu linakuwa tofauti.

Kosa langu kubwa lilikuwa la Novemba. Mafuta tunayotia ni dizeli iliyotiwa rangi nyekundu. Muuzaji anakuuliza kiasi gani ni cha kuendeshea na kiasi gani ni cha umeme na joto, kwa sababu ushuru ni tofauti, na wengi hujibu sitini kwa arubaini. Huwa nacheka moyoni, tangi ni moja na mafuta ni yale yale. Bei ilikuwa imepanda, nikajidai mjanja, nikawa natia kidogo kidogo. Tangi likakaa nusu tupu tangu Septemba. Usiku baridi, mchana vuguvugu, na ile hewa iliyomo tangini inatoa jasho, jasho linashuka chini ya dizeli. Pale maji na mafuta yanapokutana huota viumbe, bakteria na kuvu, wanaishi na kufa humo na kuacha utando mweusi.

Nayajua haya. Mjomba pipa jipya likifika alikuwa halitumii siku hiyo. Lilale kwanza, anasema, uchafu ujue mahali pake. Na akimimina anachuja kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Mie niliyekuwa nashika tochi nikaacha tangi nusu miezi miwili.

Mashine ilinifia ndani ya handaki la Blisworth, mfereji unakopita chini ya ardhi. Wasiolijua: lina mita 2,813, limefunguliwa mwaka 1805, halina njia ya miguu wala taa, na boti mbili kama yangu zinaweza kupishana ndani zikinyooka vizuri. Nilikuwa kama katikati. Kwanza sauti ilipungua, ikarudi, ikapungua tena, kama mtu anayezungumza na kusinzia. Halafu kimya. Mfereji hauna mkondo, kwa hiyo boti ikateleza kwa nguvu iliyobaki, ikagusa ukuta, ikasimama. Matone kutoka juu. Nuru mbele ilikuwa ndogo kama kichwa cha sindano.

Nikainua mbao za sakafu, tochi mdomoni safari hii, maana hapakuwa na mtoto wa kuishika. Chini ya filta ya kwanza pana bilauri ya kioo. Dizeli nzuri ndani yake inaonekana kama juisi ya ukwaju iliyochujwa. Yangu ilikuwa imegawika mapande mawili, juu wekundu, chini maji, na katikati ule ute mweusi. Nikafungua koki, nikaukinga kwenye kopo la maziwa. Nikabadilisha filta, namshukuru Mungu ya akiba ilikuwepo. Kisha kazi yenyewe, kutoa hewa, kwa sababu dizeli ikionja hewa inagoma. Unalegeza skrubu ndogo juu ya filta, nusu mzunguko tu, halafu unasukuma kwa kidole gumba kile kijimkono cha pampu. Mwanzo hakuna kitu. Halafu inatoka povu jeupe, kama la tui linalopanda. Unasukuma. Povu linapungua, mapovu makubwa, kisha madogo, kisha mafuta matupu, yanakutiririkia mpaka kiwiko. Hapo ndipo unakaza, huku mkono mwingine haujaacha kusukuma. Nilifanya mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza niliharakisha.

Nilipopiga stata ikazunguka kwa nguvu, kwa kuwa betri ya kuwashia iko peke yake, haichangii na friji wala taa. Yeyote anayetaka kununua boti aulize hilo kabla ya kuuliza rangi ya mapazia. Ikakohoa moshi mweupe, ikashika. Nilitoka upande wa pili wa handaki nanuka kama kituo cha mafuta, na babu mmoja aliyekuwa anasubiri kuingia akanipungia mkono kana kwamba hakuna lililotokea.

Ya umeme sitaieleza sana, inaniaibisha. Friji ilikuwa inajizima usiku, nikanunua betri mbili mpya, ikaendelea kujizima. Hatimaye nikachukua mita. Kwenye betri volti 12.4. Nyuma ya friji, pale kompresa inapotaka kuanza, 11.1. Zaidi ya volti moja ilikuwa inapotea njiani kwenye waya mwembamba aliouvuta mwenye boti wa zamani, mita 12 kutoka tezi hadi jikoni. Kwenye umeme wa nyumbani wa volti 240 usingejua. Kwa volti 12, kifaa hicho hicho kinahitaji mkondo mara 20, na waya mwembamba haupitishi wote. Nimevuta waya mnene, friji haijizimi tena. Betri mbili mpya zilikuwa sadaka.

Sasa la wiki hii. Mashine ilianza mlio mpya, tik-tik-tik, juu ya ngurumo ya kawaida. Nikairekodi sekunde thelathini nikamtumia mjomba. Macho yake hayaoni vizuri sasa, simu ni ya mjukuu, lakini masikio anayo. Jibu likaja kabla chai haijapoa: "Tapeti. Ya katikati."

Tapeti ndizo zinazosukuma vali zifunguke, na pengo lake likilegea hulia hivyo. Jana nimefungua kifuniko cha vali. Nimepima mapengo ya zote sita kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, moja moja, nikizungusha mashine kwa spana. Zote sawa. Nikapima tena ya katikati kwa heshima yake. Sawa. Nikarudisha gasketi, nikawasha, tik-tik-tik.

Nikakaa juu ya ngazi nikitazama tu. Chini ya alteneta, ile inayozungushwa na mkanda wa mashine ili ichaji betri, palikuwa na vumbi jeusi, laini kama wanja. Nilikuwa nimeshalifuta mara mbili mwezi huu bila kujiuliza linatoka wapi. Nikazima, nikaishika alteneta kwa mkono, ikacheza. Boliti ya mkono wake ilikuwa imejifungua kwa mtikisiko, mkanda unakimbia upande na kujisaga. Kwa hiyo hata zile ampea nilizokuwa nazingojea saa nzima, nyingine zilikuwa zinageuka vumbi. Nikanyoosha, nikakaza, nikabonyeza mkanda kwa gumba mpaka ukashuka kama sentimita moja tu. Kimya. Yaani ngurumo tupu, safi.

Lister ya mjomba haikuwa na alteneta. Haikuwa na waya hata mmoja, ni hendeli na mkono. Mlio huu hajawahi kukutana nao maisha yake.

Jioni akapiga. "Ilikuwa tapeti?"

"Ndiyo, mjomba. Ya katikati."

Nikamsikia akimgeukia mtu aliyekuwa karibu naye, kule Wete, "Si nilikwambia?"