Kupe au papasi? Namna ya kumtambua aliyekuuma huku Kusini

Kupe na papasi huleta homa tofauti, kwa hiyo kumjua aliyekuuma ni nusu ya matibabu.

Jiulize kwanza: umemkuta amenata? Kupe hung'ang'ania ngozi siku kadhaa. Papasi hutoka usiku kwenye nyufa za sakafu ya udongo na chini ya kuta, hunyonya chini ya saa moja, kisha hurudi mafichoni; asubuhi unabaki na alama tu.

Ukimpata, mtazame kwa juu. Kupe mdomo wake umechomoza mbele, na mgongoni ana ngao ngumu. Papasi hana ngao: ni wa kijivu-kahawia, amekunjamana kama ngozi ya kiatu kikuukuu, na mdomo umejificha chini. Wanaokuta kupe wa mbwa akipanda ukutani humdhania papasi, lakini yule ni wa kahawia mtupu na mdomo wake unaonekana, japo mfupi.

Kupe mwenye miguu yenye vikuku vyeupe na mdomo mrefu ni Amblyomma variegatum. Dume lake lina mabaka ya rangi ya chungwa mgongoni. Huyu hufuata ng'ombe, na tangu mifugo iongezeke Kilwa, Liwale na Nachingwea anastahili kutazamwa sana. Watoto wake wana miguu 6 badala ya 8, wadogo kama punje ya ulezi, na hupanda miguuni kwa makundi ukipita kwenye majani. Homa yake huja na kigaga cheusi alipouma, maumivu ya kichwa na mitoki.

Aliyenata mng'oe kwa kibanio: mshike karibu kabisa na ngozi, vuta wima polepole. Mafuta ya taa na kijinga cha moto achana navyo. Vinamchokoza atapike ndani ya jeraha. Mtie kwenye kichupa cha spiriti, na lebo uiandike kwa penseli, maana wino huyeyuka.

Homa ya papasi hupanda, hupoa siku kadhaa, halafu hurudi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiioni kabisa, na hapo ndipo watu huteseka bure. Omba damu iangaliwe kwa darubini wakati homa imepanda, kwani ikishapoa vijidudu hupungua mno, havionekani. Mjamzito asisubiri hata siku moja: homa hii huharibu mimba.