Siku moja maishani mwangu: mtindi, fimbo ya pazia na mita 5 za pamba

Saa 12:00 asubuhi

Chai itangoja kidogo. Kinachotangulia ni kitambaa: mita 5 za pamba zenye upana wa sentimita 150, za mapazia ya chumba cha kulala. Tumeoana juzi tu, wote wawili tuna kazi za kuajiriwa, na mimi yangu naifanyia nyumbani. Kwa hiyo siku ya kazi tunaipanga kwa kuangalia vitu vinavyojiendea vyenyewe. Kitambaa kinakauka, maziwa yanaganda, na hakuna anayehitaji kusimama kuvilinda. Hivyo ndivyo vinavyoanzishwa alfajiri. Mkasi na cherehani vinataka mtu, basi vinasubiri mtu apate nafasi.

Pamba ambayo haijawahi kufuliwa hunywea kwa asilimia 3 hadi 5 inapokutana na maji ya uvuguvugu. Pazia la sentimita 210 likipoteza asilimia 4 linapanda zaidi ya sentimita 8 kutoka sakafuni, na hakuna namna ya kulirudisha. Ndiyo maana tunafua kwanza, tunakata baadaye. Nyuzi joto 40, sabuni kidogo, na ncha zote mbili zilizokatwa ziwe zimepitishwa mshono wa zigzagi. Bila hivyo nyuzi hufumuka na kujisokota kama kamba. Rangi nayo ipimwe mapema: bana kona ya kitambaa kwa kitambaa cheupe kilicholowa kwa dakika moja, uone kama inachuja.

Usikamue kwa kusokota. Anika juu ya kamba mbili zilizo sambamba ili kisijikunje mstari katikati.

Saa 12:20

Maziwa lita 1 kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto wa wastani, mwiko ukisugua chini polepole. Tunayafikisha nyuzi joto 85 na kuyaacha hapo dakika 10. Wengi hudhani hatua hii ni ya kuua vijidudu tu. Kazi yake kubwa ni kubadilisha protini za majimaji ya maziwa ili zishikamane na zile zinazoganda. Hapo ndipo mtindi unapopata uzito. Maziwa yaliyopashwa kidogo tu hutoa mtindi mwepesi unaotoka maji.

Kisha sufuria inakaa ndani ya beseni la maji baridi kama dakika 15, hadi nyuzi joto 45. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Bakteria wanaogandisha mtindi hufa joto likizidi sana 50, na chini ya 37 hufanya kazi kwa uvivu mno. Asiye na kipimajoto atumbukize kidole safi: kikivumilia hadi ahesabu kumi bila kukitoa, joto linafaa.

Mbegu ni vijiko 2 vya chakula vya mtindi mtupu, usio na sukari wala ladha. Naikoroga kwanza na kikombe kimoja cha maziwa yale hadi madonge yaishe, ndipo naimimina kwenye yaliyobaki. Usiongeze mbegu ukidhani utaharakisha. Ikizidi, mtindi hutoka na chembechembe na ukali. Chombo kinafunikwa, kinaviringishwa blanketi, kinawekwa pasipopita mtu. Kukitikisa wakati maziwa yanashikana ni kukaribisha maji yajitenge. Saa 1:05 kazi imekwisha, na mtindi tutauangalia saa 8 mchana.

Saa 1:15

Fimbo ya pazia lazima ifungwe mwenzangu hajatoka, maana inataka mikono minne. Tena ifungwe kabla ya kukata kitambaa. Urefu wa pazia hupimwa kutoka kwenye fimbo iliyokwisha kukaa ukutani. Kipimo cha kukisia kutoka kwenye fremu hakiaminiki.

Dirisha lina upana wa sentimita 120. Fimbo ni ya 150, ili ipite 15 kila upande na mwanga usipenye pembeni. Mabano yanakaa sentimita 10 juu ya fremu. Tunaweka alama kwa penseli, tunalaza pima maji juu ya fimbo, kisha tunarudi nyuma hatua tatu na kutazama. Dari nyingi hazijanyooka, na jicho hulinganisha fimbo na dari. Tofauti ikionekana, gawanya katikati, hata kama pima maji itapinga.

Juu ya dirisha pana linta, yaani boriti ya zege, kwa hiyo drili ya kawaida haitoshi. Inatakiwa yenye kugonga. Tunaanza na biti ya milimita 5 bila kugonga hadi ijikite, tunawasha kugonga, kisha tunapanua kwa biti ya 8. Biti ikiteleza pembeni, imekutana na kokoto. Usisukume kwa nguvu, utapata tundu lenye umbo la yai. Toa drili, livunje jiwe kwa msumari wa zege na nyundo, halafu endelea.

Fisha, yaani kile kijibomba cha plastiki kinachoingia tunduni na kuishika skrubu, ni ya milimita 8, urefu 40. Tundu linachimbwa milimita 50, na kina tunakionyesha kwa kuzungushia biti utepe wa gundi. Skrubu ni ya milimita 5 kwa 50: 40 za fisha, 3 za unene wa bano, na zilizobaki ni za ncha kutokeza nyuma ili fisha ifunguke yote. Skrubu fupi ndiyo inayoangusha mapazia mengi. Ya pili ni vumbi: lisipotolewa tunduni, fisha huzunguka pamoja na skrubu na haishiki kamwe. Vumbi lenyewe tunalidaka kwa bahasha iliyofunguliwa mdomo na kubandikwa chini kidogo ya alama. Linaanguka humo lote, na kitanda kinabaki safi.

Mahali pa kuchimba pasiwe wima juu ya swichi wala sawa na soketi, kwa kuwa nyaya hupita kwenye mistari hiyo. Na ukuta ukilia utupu unapougonga, fisha hii haiufai. Tafuta ile inayofunguka mabawa kwa nyuma.

Saa 2:10

Mwenzangu ameondoka. Kabla ya kuketi kazini napima mara tatu kutoka juu ya fimbo hadi sakafuni: kushoto, katikati, kulia. Napata 211, 211 na 212. Urefu wa pazia utakuwa 210. Vipimo vyote naviandika kwenye daftari la nyumba, pamoja na unene wa fimbo na saizi ya fisha. Daftari hilo lina kila kitu ambacho vinginevyo kingepimwa upya, kuanzia kina cha kabati hadi aina ya balbu za kila chumba, na kila mmoja wetu anaandika humo.

Saa 3:00 hadi saa 7:00

Kazi ya mwajiri. Saa 5 napumzika dakika 20, naanua kitambaa kikiwa bado na unyevunyevu. Pasi hukinyoosha upesi kikiwa hivyo. Kikikauka kabisa utakirushia maji bure. Piga pasi kufuata uzi wa urefu, usiivute mshazari, kitambaa kitapinda.

Saa 7:15 mchana

Kukata. Mita 5 zimebaki sentimita 485. Kila pazia linahitaji 232.5: yaani 210 za urefu, 6.5 za juu na 16 za pindo la chini. Mawili ni 465. Mstari wa kukatia siufuati kwa macho. Navuta uzi mmoja wa upana hadi utoke. Unaacha mfereji mwembamba unaoonekana wazi, na mkasi unaufuata. Kipande kilichokatwa mshazari, hata kwa sentimita 2, hakitaning'inia sawa hata ukishone vipi.

Kingo za kiwandani nazikata sentimita 1. Zimefumwa kwa kubana, na zikiachwa huvuta ubavu wa pazia ukakunjamana.

Saa 8:00

Mtindi. Nainamisha chombo taratibu: unasogea kwa umoja na kuachana na ukuta wa chombo. Ukiwa bado unamwagika kama maziwa, uongeze saa moja, usizidishe sana, ukali huja haraka. Majimaji ya njano juu si uharibifu. Unaingia kwenye friji bila kukorogwa, walau saa 4. Vijiko 2 vinatengwa kwa mbegu ijayo, itumike ndani ya siku 7.

Halafu mezani tena hadi saa 11.

Saa 11:10 jioni

Cherehani: sindano namba 90, mshono wa milimita 3. Kabla ya kutunga uzi, inua mguu wa cherehani. Mguu ukiwa chini, diski za mkazo zimebana na uzi haukai katikati yake. Matokeo ni rundo la nyuzi chini ya kitambaa, na mtu huanza kulaumu bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, bure.

Mbavu hukunjwa sentimita 1.5 mara mbili. Mfuko wa fimbo juu ni sentimita 5, na 1.5 ya kukunja ndani. Mikunjo yote naipiga pasi kwanza kwa kutumia kipande cha boksi gumu kilichochorwa mstari: kunja kitambaa juu ya boksi hadi mstarini, pitisha pasi, sogeza. Pini zinapungua hadi chache sana. Kila pazia limebaki na upana wa karibu sentimita 140, jumla 280 kwa fimbo ya 150. Chini ya mara moja na nusu, pazia huonekana kama shuka lililotundikwa.

Saa 1:30 usiku

Mwenzangu anapika. Kipande kilichobaki, sentimita 18 baada ya kunyoosha ncha, kinatoa miraba minane. Minne inatosha vishikio viwili vya sufuria. Ndani yake naweka tabaka mbili za taulo kuukuu la pamba. Sponji na polista huyeyuka. Unashona kuzunguka kwa sentimita 1, unaacha mwanya wa 7, unapunguza kona, unageuza, unafunga. Visishikwe vikiwa vimelowa: maji hupitisha joto mara moja, na mkono unaungua kupitia tabaka zote.

Saa 3:00 usiku

Mapazia yanapanda. Kitambaa kikizunguka fimbo ya sentimita 2.5 hupanda kama milimita 7. Hilo linaonekana, na ndiyo sababu pindo la chini bado halijashonwa. Mmoja wetu anashika futi, mwingine anabana pini, sentimita 8 mara mbili, kwa kufuata sakafu. Yatalala hivyo usiku mzima ili uzito wake uyavute. Pini zitatolewa kesho jioni, baada ya kupima upya kushoto, katikati na kulia.