Siku redio ilijibu "nzuri" bila "ila"

Juzi usiku simu yangu ililia mara nne ndani ya dakika kumi, nikajua tayari kuna msiba, kumbe ni habari motomoto: mchezaji fulani amenyoa nywele. Ya pili ikaja kufafanua kwamba hajanyoa, amepunguza tu. Ya tatu na ya nne sikuzifungua, nikazima data nikajifunika shuka, ila kabla usingizi haujanichukua nikaikumbuka ile Ijumaa Kuu ya tarehe 18 Aprili 1930, nikaanza kucheka gizani peke yangu kama mtu aliyepandwa na kitu.

Kama hujawahi kuisikia hii kaa vizuri. Ni London, saa tatu kasorobo usiku, muda wa taarifa ya habari BBC. Watu wako sebuleni wameizunguka redio wamenyamaza, watoto wameshakanywa wasipige kelele, mtangazaji anaingia hewani anasema leo ni Ijumaa Kuu, hakuna habari. Basi. Imeisha hiyo. Ile robo saa nzima iliyotengwa kwa habari ikajazwa na piano, halafu wakarudi ukumbi wa muziki wa Queen's Hall kuendelea na Parsifal, opera ya Wagner, ambayo inapita masaa manne kwa hiyo nadhani hakuna aliyelalamika kwamba amekatishwa utamu.

Mi nampenda sana huyu mtangazaji. Enzi hizo watangazaji wa BBC hawakutaja majina yao hewani, na usiku walitakiwa kuvaa suti ile nyeusi ya dhifa, na tai ya kipepeo, ndo wakae mbele ya maikrofoni. Redioni jamani! Ambako hata ukija na kaptula hakuna atakayejua. Sasa mwone: mtu ameoga, amepiga pasi, amekaza tai, amepanda mpaka studio za Savoy Hill, amekohoa kidogo kusafisha koo, amesema sentensi mbili tatu akanyanyuka. Najaribu kuwaza akirudi nyumbani anaulizwa vipi leo kazi, atajibuje.

Lakini tusiwacheke tu, tuwatetee kidogo. BBC ya 1930 haikuwa na waandishi kila kona ya dunia, habari zake zilikuwa zikitoka kwa mashirika kama Reuters, na wenye magazeti toka redio inaanza walishapiga kelele isije ikawaua biashara, ndio maana ile miaka ya mwanzo redio haikuruhusiwa kusoma habari kabla ya saa moja jioni, watu wanunue gazeti kwanza. Halafu bosi wao John Reith alikuwa mtoto wa mchungaji, mtu wa misimamo, sio wa kumpelekea tetesi siku ya Ijumaa Kuu. Ofisi zimefungwa, wabunge wako mapumziko ya Pasaka, mezani karatasi hazifiki. Leo tungefanyaje? Tungemleta mchambuzi aseme kwa nini hakuna habari, mwingine ambishie, saa zima limeisha.

Hata mimi ningewasaidia kujaza hiyo robo saa bila jasho. Mwezi uliopita tu, 13 Machi, ilitangazwa kwamba kijana wa miaka 24, Clyde Tombaugh, amegundua sayari mpya kule Marekani, na jina la Pluto lenyewe lilikuwa halijatangazwa rasmi mpaka 1 Mei, yaani usiku ule kuna dunia nzima huko juu haina jina na wewe unapiga piano? Halafu India ndo ilikuwa inachemka. Siku 12 tu nyuma Gandhi alifika pwani ya Dandi, baada ya kutembea kwa miguu karibu kilomita 390, akainama akaokota chumvi bila kuwalipa Waingereza kodi yao, na watu kila mahali wakaanza kujitengenezea chumvi. Hiyo peke yake ni dakika saba ukisoma polepole.

Ila nadhani kinachonichekesha kuliko vyote ni lugha yetu. Sisi ukimuuliza mtu habari hajibu "hakuna" hata siku moja, anajibu nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Ndo inafuata ile "ila" sasa: ila babu hatunaye toka Jumanne, ila paa la jiko limeng'oka, ila ng'ombe ndo hivyo tena. Nzuri ni heshima, habari yenyewe iko kwenye ila. Ukiisikiliza ile taarifa ya BBC kwa sikio la Kiswahili ni kama mtu kajibu nzuri akakaa kimya, na wewe unamwangalia tu, unasubiri.

Na ila zilikuwepo. Romania, kijiji cha Costești, jioni ya Ijumaa Kuu hiyohiyo kanisa la mbao liliwaka moto watu wakiwa ndani kwenye ibada, wakafa zaidi ya 100. Hapo sina utani.

Ya pili ni Chittagong, Bengal, mji ambao sasa uko Bangladesh. Kiongozi wa vijana waliokuwa wanaupinga utawala wa Waingereza pale alikuwa mwalimu wa shule, Surya Sen, vijana wake wakimwita Masterda, kaka mwalimu, na saa nne ya usiku huo yeye na kundi lake la watu sitini na kitu wakaivamia ghala ya silaha ya polisi na ile ya askari wa akiba. Chittagong giza linaingia mapema kuliko London kwa masaa mengi tu, kwa hiyo yule bwana wa tai ya kipepeo anavyosema hakuna habari, mambo kule yalishaharibika kitambo. Ila angejuaje? Kazi mojawapo ya vijana ilikuwa kukata nyaya za simu na telegrafu na kuvuruga njia ya reli. Yaani habari ilikuwepo, imefungiwa mlango kwa nje.

Na wao hawakwenda sawa kabisa. Bunduki walizipata, risasi zake hawakuziona. Wakapandisha bendera, Masterda akapigiwa saluti, serikali ya muda ya mapinduzi ikatangazwa pale pale, halafu kabla mji haujaamka wakapotelea milimani. Yeye alikuja kukamatwa 1933, wakamnyonga 12 Januari 1934.

Lakini kuna kipande kimoja cha mpango wao ambacho kila nikikifikia lazima nisimame. Kundi jingine lilitumwa klabu ya wazungu, pale walipokuwa wanakusanyika jioni kunywa na kupiga soga, ndo walitakiwa wakamatwe wote kwa mkupuo. Mipango imepangwa wee, roho mkononi, wamefika mlangoni. Viti vitupu. Wazungu wako makwao, wanaadhimisha Ijumaa Kuu.

Hakuna habari.