Daftari la babu lilifungiwa karanga

Habari zenu jamani. Leo nataka niandike kitu ambacho nimekaa nacho tangu 2009, mwaka aliofariki babu yangu mzaa mama kule kisiwani Ukerewe. Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alishastaafu, na kazi yake ya jioni ilikuwa moja tu, anatoa kiti nje na kaunta buku anaandika nyimbo za wapiga nanga, ile ala ya nyuzi, vitendawili vya Kikerewe, nani alimzaa nani, mwandiko umelalia kulia na umebanana hauachi nafasi hata ya kupitisha uzi. Kaunta buku zilikuwa saba, nilizihesabu mwenyewe nikiwa darasa la sita. Akafa, tukazika, tukaanua matanga, watu wakasafisha chumba, mi nikarudi Mwanza shule. Likizo iliyofuata nashuka kwenye meli pale Nansio nina njaa, nanunua karanga za mia mbili, namaliza kula nataka nitupe karatasi naona mwandiko umelalia kulia.

Nilisimama pale watu wananipita na mizigo yao. Yule mama wa karanga hana kosa, aliuziwa karatasi kwa kilo kama anavyouziwa siku zote, nikamweleza akafungua mfuko wake akanitafutia zilizobaki, peji kumi na moja, hela akakataa. Kwa hiyo kazi ya babu iliyobaki duniani ni hizo peji kumi na moja na kaunta buku moja ambayo bibi alikuwa anawekea miwani juu yake kwa hiyo haikuguswa.

Ndo maana habari za mwandishi Aniceti Kitereza zikanikamata vile. Wengi wetu hapa kanda ya ziwa tunalisikia hilo jina shuleni linapita kama jina la kituo cha daladala, yaani unajua lipo basi. Huyu mzee alizaliwa 1896 huko huko Ukerewe, akasomeshwa na mapadre, akapelekwa seminari ya Rubya huko Bukoba akajua Kilatini na Kijerumani, mtu wa lugha nyingi kabisa, angeweza kuandika kwa lugha ya wakubwa yoyote ile ila alipokaa chini kuandika riwaya akaiandika kwa Kikerewe. Akaimaliza 1945. Riwaya ndefu, ya Myombekere na mkewe Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, na ndani yake kilimo, uvuvi, ugomvi wa wakwe, dawa, pombe ya ndizi, msiba, kila kitu. Alitaka vijana watakaokuja wasipoteze maisha ya wazee wao na lugha yao.

Akakosa wa kuichapa. Anaambiwa lugha yako ina wasomaji wachache. Miaka inapita, viungo vinamuuma, mzee anaumwa kweli kweli, anashika tena kalamu anaitafsiri yote mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakaitoa 1980, ikachapwa China, na mzee akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia. Miaka 35 kutoka kumaliza kuandika mpaka kuchapwa! Hapo huwa nafunga kitabu kwanza nashusha pumzi.

Na kuna hili nalo. Kitereza na mkewe Anna walizika watoto wao wakiwa wadogo, na hakumuacha mkewe. Sasa soma riwaya yake inaanzaje, mke anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu hawapati mtoto, na mume badala ya kutafuta mwingine kama anavyoshauriwa, anafunga safari kwenda ukweni kumuomba mke wake, anatozwa pombe, anahangaika kuitengeneza. Siwezi kusema alikuwa anajiandika yeye, ila nikisoma kurasa zile naona mtu anayejua anachokisema.

Nikawa najiuliza hivi haya ni ya kwetu tu? Kumbe hapana, ukifuatilia waandishi weusi popote walipo utakuta kazi iliyofungiwa sandukuni au kupotea. Phillis Wheatley alikamatwa huku Afrika akiwa mtoto wa miaka saba hivi, akauzwa utumwani Boston, Marekani, 1761, jina la Phillis lenyewe ni la meli iliyomleta. Akajifunza kusoma, akaandika mashairi mazuri mpaka wakubwa wa mji wakabidi waweke sahihi kwamba ni kweli kayaandika huyu binti, maana bila sahihi zao nani angeamini. Kitabu kikatoka London 1773. Hicho ndo wanachokisifia wote. Mi ninachokiwaza ni cha pili, alikuwa na mashairi mengine ya kutosha kitabu kingine, akatangaza watu wajiandikishe kununua, hawakutosha, akafa 1784 maskini, na yale mashairi mengi yake hayajaonekana mpaka leo. Sijui na yeye yalifungiwa nini.

Zora Neale Hurston nampenda zaidi, nisamehewe. Huyu dada mwandishi wa Marekani alienda Alabama miaka ya 1920 kumhoji mzee Kossola, waliyemwita Cudjo Lewis, ambaye aliletwa na meli ya Clotilda mwaka 1860 wakati kuingiza watumwa Marekani kulishapigwa marufuku zamani. Kuna siku mzee hataki kuongea, basi wanakula tikitimaji wanamaliza Zora anaondoka, kesho anarudi. Alijua kukaa na mzee! Alivyoandika akaacha maneno ya mzee kama yalivyotoka mdomoni, wachapaji wakamwambia badilisha, weka Kiingereza kinachoeleweka, akagoma. Mswada ulikamilika 1931, kitabu kimetoka 2018, yeye alishakufa 1960 na kuzikwa kaburi lisilo na alama, mpaka mwandishi mwenzake Alice Walker alipoenda 1973 kulitafuta akaweka jiwe. Na alipokufa walikuwa wanachoma karatasi zake uani, akapita askari aliyemfahamu akaona moto akauzima. Askari mmoja tu amepita njia hiyo saa hiyo. Hapo nikamkumbuka yule mama wa Nansio na mfuko wake.

Mkerewe mwingine, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo 1944, yeye aliwahi kuchapwa, riwaya yake Rosa Mistika ilitoka 1971, lakini ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, na alipotoa Kichomi 1974 mashairi bila vina na mizani wazee wa ushairi wakamjia juu kwamba haya si mashairi. Leo mtoto wa sekondari anaandika shairi huru kwenye simu wala hajui kuna mtu alisemwa sana ili yeye aweze kufanya hivyo. Alifariki Januari 2020. Na Gabriel Ruhumbika, naye wa kisiwa hicho hicho, ndiye aliyemtafsiri Frantz Fanon, mwandishi mweusi wa Martinique aliyepinga ukoloni, kwa Kiswahili pamoja na Clement Maganga mwaka 1978, halafu 2002 akatoa riwaya ya Kitereza kwa Kiingereza aliyoitafsiri kutoka Kikerewe chenyewe. Kisiwa kimoja hicho jamani, na pale meli inapotia nanga sijaona hata kibao.

Mwaka jana nikapata nakala kuukuu ya Kitereza, kava limeshikiliwa na selotepu, nikampelekea bibi. Macho yake hayasomi tena kwa hiyo nasoma mimi, kila nikienda. Siku ya kwanza nafika pale Myombekere anahangaika na pombe ya wakwe, ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, bibi kafumba macho nikadhani kalala. Nikanyamaza.

"Mume wangu, mbona umeacha? Haijachacha hiyo."

Nikaendelea. Akawa ananikatisha, hapo alitakiwa kutumia nyasi, eeh ndo kataja, huyo mtu anajua. Akatamka neno la Kikerewe la kile chombo cha kukamulia, neno ambalo sikuwahi kulisikia kwa mama wala kwa mtu yeyote, nikamwambia bibi rudia, akarudia, nikawasha rekodi ya simu akarudia mara ya tatu kwa sauti kubwa kana kwamba simu haisikii vizuri. Usiku nikafungua ile kaunta buku ya babu chini ya taa, nikalikuta lipo, peji ya nne, limepigiwa mstari chini.

Peji zote nimeshazipiga picha nimetuma kwa ndugu watatu, nachapa kidogo kidogo kwenye kompyuta kila Jumapili. Mwandiko unanisumbua, kuna nyimbo mbili bado sijazisoma. Ijumaa napanda meli tena, tumefikia Bugonoka amerudishwa kwa mume wake na bibi ameniambia nisithubutu kusoma mbele peke yangu.